Injini Moja, Mwaka Mmoja

Kosa linaloharibu modeli nyingi za treni za Afrika Mashariki si la mkono, ni la kalenda. Utaona injini ya mvuke aina ya Garratt, ya kundi la 60, imekatwa vizuri, imepakwa rangi kwa subira, ribiti zote ziko mahali pake. Ubavuni ina bamba la shaba lenye jina la gavana wa kikoloni, na kando yake herufi KR. Majina yale ya magavana yalibanduliwa baada ya uhuru. Kenya Railways ilizaliwa 1977. Injini hiyo haikuwahi kutembea juu ya reli yoyote, hata siku moja.

Kwa hiyo kabla hujashika kisu wala gundi, kubali jambo moja: hujengi kundi la injini. Unajenga injini moja yenye namba yake, kama ilivyokuwa mwaka fulani, ikiwezekana mwezi fulani. Kundi ni karatasi ya mchoraji wa kiwandani. Injini yenyewe iliishi miaka ishirini na zaidi, ikaingia karakana mara kwa mara, na kila ilipotoka ilikuwa imeongezwa kitu au imepunguzwa kitu. Mbili zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja huenda hazikufanana tena baada ya miaka mitano. Ukiandika kwenye daftari lako "59, miaka ya 60" bado hujaamua kitu. Ukiandika "5918, Nairobi, 1972" ndipo kazi imeanza, kwa sababu sasa kila swali lina jibu la ndiyo au hapana.

Kalenda ya reli zetu si ngumu. Hadi 1948 Kenya na Uganda zilikuwa na shirika lao, ambalo watu hulifupisha KUR, na Tanganyika ilikuwa na lake. Tarehe 1 Mei 1948 yakaunganishwa likapatikana shirika la East African Railways and Harbours, lenye herufi EAR&H. Baada ya muungano injini zilipewa namba mpya za tarakimu nne, mbili za mwanzo zikitaja kundi. Ndiyo sababu Garratt iliyoitwa Karamoja, namba 87 enzi za KUR, ikawa 5711. Mwaka 1969 bandari zilitengwa na reli, zikabaki herufi EAR tu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na kila nchi ikaenda na reli yake. Hata dizeli hazikupona: zile za English Electric zilizoanza kuja 1960 zilibadilishiwa namba baadaye, kwa hiyo mwili uleule una namba mbili kulingana na mwaka uliouchagua.

Lakini usidhani kwamba siku shirika linapobadilika jina mafundi hutoka na makopo ya rangi. Injini hupakwa rangi inapofika zamu yake ya matengenezo makubwa. Herufi za zamani huendelea kutembea miezi mingi, pengine miaka, baada ya wenye ofisi kubadilisha karatasi zao. Mwaka wa mpito, kama 1969 au 1977, ndio mwaka mtamu kuliko yote kwa mjenzi mwenye ushahidi wa picha, na mbaya kuliko yote kwa asiye nao. Kama huna picha yenye tarehe, kaa mbali na mpito. Chagua katikati ya kipindi, 1958 au 1973, ulale usingizi.

Tuchukue kundi la 59, maana ndilo kila mtu analolitaka. Ziliundwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester, miaka ya 1955 na 1956, zikapewa namba 5901 hadi 5934 na majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, urefu wa karibu mita 32, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja duniani iliyozizidi kwa ukubwa wala nguvu. Zilikuja na rangi ya damu ya mzee. Zilichoma mafuta mazito. Kazi yao hasa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, na reli nyepesi za pembezoni hazikuweza kuzibeba, kwa hiyo usiniwekee 59 kwenye stesheni ya Tabora kwa sababu tu ulipata jengo zuri la Tabora. Zilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu, ambapo mvuke uliondoka kabisa kwenye njia kuu.

Ndani ya miaka hiyo ishirini na mitano, alama iliyo wazi kuliko zote ya kipindi ni dohani. Zilipofika zilikuwa na dohani ya kawaida ya mviringo. Baadaye zilifungwa kifaa cha Giesl, kilichobuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, ambacho kinautoa mvuke uliotumika kupitia matundu madogo saba yaliyopangwa mstari mmoja badala ya tundu moja kubwa. Kwa sababu ya mstari huo dohani yenyewe inakuwa bapa: ukiitazama kwa ubavu ni pana na inatanuka kuelekea juu, ukiitazama kwa mbele ni nyembamba kama ubao. Hakuna sehemu nyingine ya injini inayotaja mwaka kwa sauti kubwa namna hiyo. Mtu atakayeiona modeli yako akiwa mita mbili mbali hataweza kusoma namba, lakini dohani ataiona.

Kuitengeneza si kazi ya kuogopa. Chukua karatasi za plastiki za nusu milimita, kata vipande vyenye umbo la ubavu wake, vigandishe pamoja mpaka upate unene unaotakiwa, uviache usiku kucha vikauke vizuri, halafu piga msasa. Anza na mielekeo ya mbele na nyuma, kisha zungushia kona. Shimo la juu lichimbwe kwa kuunganisha matundu madogo ya keekee ya mkono, si kwa kisu, maana kisu hupasua ukingo, na ukingo huo mwembamba ndio unaoonekana. Sehemu inayokalia kisanduku cha moshi ndiyo inayowashinda wengi: zungushia karatasi ya msasa juu ya boila la modeli, upande wa kukwaruza ukiangalia juu, kisha sugua kitako cha dohani hapo mpaka kikae bila mwanya. Kama unaye mtu mwenye printa ya 3D, vizuri, ila mistari ya printa kwenye kitu kidogo namna hii huonekana baada ya rangi, hivyo msasa hauukwepi.

Dohani ikishakupa kipindi, tafuta ushahidi wa mengine: taa kubwa ya mbele, mabamba ya majina, kiungio cha mabehewa, pampu na mabomba. Hapa ndipo watu hukosea kwa kutumia picha moja. Picha moja ni upande mmoja. Upande wa kulia na wa kushoto wa injini ya mvuke haufanani, na ukigeuza mabomba ya kushoto uyapeleke kulia kwa kudhani kwamba ni kioo, utakuwa umebuni injini nyingine. Usianze kukata mpaka uwe na angalau picha ya kila upande ya namba uliyoichagua, na kama moja imekosekana, tumia ya namba jirani iliyopita karakana kipindi kilekile, ukiandika pembeni kwamba umeazima.

Tarehe iliyoandikwa nyuma ya picha usiiamini peke yake. Mtu aliandika baada ya miaka thelathini, akikumbuka safari mbili kama moja. Isome picha yenyewe: herufi ubavuni, aina ya dohani, behewa lililo nyuma, dizeli inayochungulia pembeni. Picha iliyoandikwa 1966 yenye herufi KR inaomba maswali. Ukipata picha tatu zinazokubaliana na moja inayopinga, fuata tatu, lakini ile moja usiitupe.

Vitabu viwili vitakuokoa muda mwingi: cha R. Ramaer kuhusu injini za mvuke za East African Railways, kilichotoka 1974, na Steam in East Africa cha Kevin Patience, cha 1976. Vyote viliandikwa mvuke ukiwa bado unafanya kazi, na hilo lina thamani yake, kwa kuwa waandishi hawakutegemea kumbukumbu peke yake. Vina namba, majina na miaka ya makundi. Usitarajie vikupe kila bomba.

Kisha nenda Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa 1971. Pale zipo 59 mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai uko karibu na Ziwa Natron na Shengena uko Upare, kwa hiyo Kenya imehifadhi milima miwili ya Tanzania, jambo ambalo wenzetu wa upande wa pili wana haki ya kutania. Nenda na utepe wa kupimia, na rula ndefu yenye alama nene unayoweza kuiegemeza kwenye chuma unapopiga picha, ili kila picha iwe na kipimo ndani yake. Piga ubavu ukiwa umesimama wima na mbali kadiri uwezavyo, kisha sogea uchukue vitu vidogo: kona za tangi, ngazi, vishikio, sehemu ya chini ya kibanda cha dereva. Asubuhi mapema jua huingia chini ya boila. Saa sita utapata kivuli cheusi mahali hasa unapotaka kuona.

Lakini elewa unachokipima. Makumbusho yanakupa ushahidi wa chuma, hayakupi ushahidi wa rangi. Umbo la tangi halijabadilika tangu Manchester. Rangi imepakwa upya, herufi zimechorwa upya na mkono mwingine, na vitu vidogo kama mita, taa na mabamba huenda vimehamishwa kutoka injini moja kwenda nyingine. Injini iliyosimama makumbusho iko katika kipindi chake cha mwisho, kipindi cha kupumzika, na hicho sicho unachokijenga.

Wazee waliofanya kazi reli bado wapo, Nairobi, Mombasa, Nakuru, Kampala. Ukimpata mmoja, mwamkie, kaa, kunywa chai yake kwanza. Usimwulize "mzee, injini zilikuwa rangi gani mwaka 1962?" Atakujibu kwa adabu na jibu halitakusaidia. Mwekee picha mkononi, umwache aongee. Ataanza kukuonyesha: hapa tulikuwa tunaweka kopo la mafuta, hapa palikuwa panavuja siku zote, hii ngazi ilipinda. Kumbukumbu ya mfanyakazi ni hodari sana kuhusu kazi na dhaifu kuhusu miaka. Chukua kazi kutoka kwake, miaka uitafute kwingine.

Sasa jambo la skeli, ambalo wengi hulifikia wakiwa wameshanunua. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Njia nyingi za modeli madukani ni za milimita 16.5, na kwa skeli ya 1:87 hizo zinawakilisha milimita 1,435, yaani reli ya kisasa ya SGR. Ukiiweka 59 ya 1:87 juu ya njia hiyo, umeipanua kwa karibu nusu mita. Watu hujitetea kwamba haionekani. Inaonekana. Boila la 59 lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyolibeba, na hilo ndilo lililoifanya itishe: mwili mkubwa unaoning'inia pande zote mbili juu ya kijia chembamba. Ondoa hilo na unabaki na Garratt ya kawaida.

Kwa 1:87 tumia njia ya milimita 12, ambayo inakosea kwa nusu milimita tu. Wenye modeli za reli za Uswisi wanaitumia kila siku, hivyo magurudumu na njia vinapatikana. Injini itakuwa na urefu wa sentimita 36 na ushee na magurudumu makubwa yatakuwa ya milimita 16 hivi. Kama unapenda kazi kubwa ya bustanini, skeli ya 1:22.5 kwenye njia ya milimita 45 inalingana na mita moja kwa karibu sana, ila uwe na nafasi: 59 yako itakuwa na urefu wa mita 1.4, na utahitaji wa kukusaidia kuibeba.

Je, ununue Garratt iliyokwisha kutengenezwa uibadilishe? Kishawishi kikubwa ni GMAM ya Afrika Kusini, kwa kuwa mpangilio wa magurudumu ni uleule wa 4-8-2+2-8-4, kipenyo cha magurudumu kinafanana, na zote ni za miaka ya 1950. Mimi siipendekezi, labda kama unataka mitambo ya chini peke yake. GMAM ilichoma makaa, ikatembea na behewa la maji nyuma yake kwa sababu tangi lake la mbele ni dogo, na sura ya tangi hilo si ya 59 kabisa. Ukiipaka damu ya mzee utapata GMAM iliyovaa nguo za kuazima. Chukua mitambo, tupa vilivyo juu, jenga tangi, boila na kibanda upya kwa shaba nyembamba au plastiki. Na hakikisha nyuma hakuna makaa: pale pana tangi la mafuta lenye mfuniko wa kujazia, na modeli yenye kilima cha makaa meusi kwenye injini ya mafuta ndiyo ya kwanza kuchekwa na mzee yeyote wa reli.

Kabla ya kufunga chochote, jaribu kona. Garratt ina mitambo miwili inayozunguka kila mmoja kivyake, boila likiwa katikati kama daraja. Kwenye kona boila huingia ndani na ncha za matangi hutoka nje. Injini halisi iliundwa hivyo ili ipite kona kali za njia yetu, lakini kona za mezani ni kali kuliko za Mazeras. Ipitishe modeli ikiwa uchi, bila mabomba, kando ya jukwaa lako la stesheni na nguzo za ishara. Kama inagusa, sogeza jukwaa. Usikate injini.

Mpangilio wa kazi ninaoushauri ni huu: umbo la jumla kwanza, yaani dohani, matangi, kibanda na taa, pili herufi, namba na mabamba, mabomba mwisho. Wengi hufanya kinyume, wanamaliza mwezi mzima kwenye bomba la breki ambalo hakuna atakayeliona, kisha wanabandika herufi zilizonunuliwa tayari zenye sura isiyo ya EAR&H. Sura ya herufi, nafasi kati yake na mahali zilipokaa kwenye tangi vitatoka kwenye picha tu. Pima kwa uwiano: urefu wa herufi ukilinganisha na urefu wa tangi. Zichapishe kwenye karatasi ya stika za maji, bandika nakala ya karatasi ya kawaida kwanza, iache siku mbili ukipita unaitazama.

Kuhusu rangi, picha za zamani za slaidi hudanganya kila moja kwa namna yake. Moja itakuonyesha zambarau, nyingine kahawia. Chagua toni iliyo katikati, halafu ichangamshe kidogo kwa rangi isiyokolea, kwa sababu rangi iliyokolea kwenye kitu kidogo huonekana nyeusi. Usisubiri rangi "sahihi". Injini yenyewe ilikuwa na toni moja ikitoka karakana na nyingine baada ya mwaka mmoja wa jua la Tsavo.

Uchafu nao una kipindi na una mwenyewe. Mount Gelai katika miaka yake ya kazi ilisifika kwa kung'arishwa na madereva wake, kiasi kwamba ukiipaka masizi kotekote unawatukana. Nyingine zilikuwa zimechoka. Tazama picha ya namba yako, usifuate mtindo wa wajenzi wa nchi nyingine. Kwa kawaida masizi ya mafuta hukaa juu ya boila na nyuma ya dohani, vumbi jekundu la njia hukaa chini, kwenye magurudumu na pande za chini za matangi, na alama nyeupe za chokaa hutiririka chini ya vali za maji. Vumbi jekundu juu ya damu ya mzee halionekani kama wekundu, linaonekana kama chungwa lililopauka. Lipulize jembamba, acha likauke, ndipo uamue kuongeza.

Nyuma ya injini weka treni ya mwaka uleule. Behewa la mizigo lenye herufi za EAR&H linaweza kuvutwa mwaka 1975, kwa sababu mabehewa yalisubiri rangi muda mrefu kuliko injini, lakini behewa la KR haliwezi kuvutwa 1972. Kinachozeeka kinaweza kubaki. Kisichozaliwa hakiwezi kuwepo. Chini ya injini, mahali pasipoonekana, andika kwa wino namba, mwaka, mahali, na picha ulizozifuata. Siku ukipata picha mpya inayokupinga, na utaipata, utajua ubadilishe nini na uache nini.